Hifadhidata Inapoulizwa Jumla ya Kitu Kisichokuwapo

Ndugu Mwenyekiti, viongozi mliopo, ndugu zangu maofisa takwimu, wahasibu na waandaaji wa programu,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa wengi linaonekana dogo: hifadhidata hujibu nini inapoambiwa ijumlishe, itafute wastani au itaje kilicho kikubwa kuliko vyote, ilhali hakuna hata mstari mmoja uliotimiza sharti la ulizo, au mistari ipo lakini ndani yake hamna thamani. Nimelikubali ombi hilo kwa furaha, kwa sababu makosa yanayozaliwa hapa yana tabia moja mbaya kuliko makosa mengine ya kazi yetu, nayo ni kwamba hayatoi ujumbe wowote wa hitilafu. Ulizo linakwenda vizuri, namba inatoka, ripoti inachapwa, mkubwa anasaini, na hakuna aliyejua kwamba namba ile haikujibu swali lililoulizwa.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue jedwali moja la kubuni. Tuseme wilaya ina zahanati tano, na kila mwezi kila zahanati hutuma idadi ya wagonjwa wa malaria iliowapokea. Jedwali tuliite taarifa, na safu inayobeba idadi hiyo tuiite wagonjwa. Mwezi wa Machi zahanati ya kwanza imeandika 40, ya pili imeandika 20, na ya tatu imeandika 0, kwa kuwa ilipima watu na haikumkuta mgonjwa hata mmoja. Ya nne imetuma fomu, lakini nafasi ya malaria imeachwa wazi, hivyo mstari wake upo na ndani ya safu ya wagonjwa mna NULL, yaani alama ya kwamba hakuna thamani. Ya tano haikutuma chochote, na haina mstari kabisa. Sifuri, NULL na mstari usiokuwapo ni hali tatu zilizo mbalimbali, na ofisa wa wilaya anapaswa kuchukua hatua tatu zilizo mbalimbali: moja ya kupongeza, moja ya kupiga simu kuulizia nafasi iliyoachwa wazi, na moja ya kwenda mwenyewe kuona kama zahanati imefunguliwa. Hoja yangu ya leo ni kwamba fanksheni za mkusanyo (COUNT ya kuhesabu, SUM ya kujumlisha, AVG ya wastani, MIN ya kilicho kidogo na MAX ya kilicho kikubwa kuliko vyote), zikiachwa zijiamulie, huzichanganya hali hizo tatu, na kwamba kazi ya kuzitenganisha ni ya mwandishi wa ulizo, haiwezi kuachiwa hifadhidata.

Tuanze na COUNT, kwa kuwa ndiyo yenye adabu kuliko zote. COUNT(*) huhesabu mistari bila kujali kilichomo, kwa hiyo kwa mwezi wa Machi itajibu 4. COUNT(wagonjwa) huhesabu mistari ambayo safu hiyo ina thamani, kwa hiyo itajibu 3. Zahanati ya tatu inahesabiwa kwa sababu sifuri ni thamani kamili, na ya nne inarukwa. Pasipokuwa na mstari hata mmoja, zote mbili hujibu 0, wala haziwezi kamwe kujibu NULL. Tofauti kati ya 4 na 3 ndiyo idadi ya fomu zilizofika zikiwa na nafasi wazi, na ajabu ni kwamba habari hiyo yenye manufaa makubwa inapatikana bure kabisa katika ulizo lolote, lakini ni wachache wanaoiomba.

SUM ni habari nyingine. Kwa Machi itajibu 60, na hakuna atakayelalamika. Sasa tuseme leo ni tarehe 2 Aprili na hakuna zahanati iliyokwisha kutuma taarifa ya mwezi huo. Ukiomba SUM(wagonjwa) ya Aprili, hutapata 0, wala hutapata jedwali tupu. Utapata mstari mmoja wenye NULL ndani yake. Tuseme tena kwamba mwezi wa Mei zahanati zote tano zilituma fomu, lakini kwa kuwa vipimo vya malaria vilikuwa vimekwisha, zote ziliacha nafasi ile wazi. SUM ya Mei nayo ni NULL. Aprili hakuna fomu, Mei fomu zote zimefika, na jibu ni lilelile. Sababu ni utaratibu uliowekwa na kiwango rasmi cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata: kwanza thamani za NULL huondolewa, kisha, kama hakuna kilichobaki, COUNT hujibu 0 na nyingine zote, yaani SUM, AVG, MIN na MAX, hujibu NULL. Hatua ya kujumlisha inapoanza, hifadhidata haikumbuki tena kama kapu lilikuwa tupu tangu mwanzo au lilitupwa kila kilichokuwamo.

Mwanahisabati akisikia hivyo atashangaa, na mimi nakubaliana naye. Katika hisabati jumla ya seti tupu ni 0, na haikupangwa hivyo kwa kubahatisha. Ukiigawa seti katika mafungu mawili, jumla ya seti nzima lazima iwe sawa na jumla ya fungu la kwanza ukiongeza jumla ya fungu la pili, hata kama fungu mojawapo halina kitu. Na namba pekee inayolinda kanuni hiyo ni sifuri. SQL imeivunja kanuni hiyo waziwazi. Ukiomba jumla ya Machi na Aprili katika ulizo moja utapata 60, lakini ukiomba jumla ya Machi peke yake na ya Aprili peke yake, kisha ukaziunganisha kwa alama ya kujumlisha, utapata NULL, kwa kuwa 60 ukiongeza kisichojulikana ni kisichojulikana.

Kwa MIN, MAX na AVG siwezi kuilaumu SQL. Hakuna namba inayostahili kuitwa kubwa kuliko zote mahali pasipo na namba, na wastani wa kitu kisichokuwapo ni kugawa sifuri kwa sifuri. NULL hapo ni jibu la kweli. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuiweka SUM katika fungu moja na hizo badala ya kuiweka pamoja na COUNT. Siyo maoni yangu peke yangu. C. J. Date na Hugh Darwen, ambao wameikosoa SQL kwa miaka mingi, waliiandaa lugha yao ya kufundishia, Tutorial D, bila NULL kabisa, na ndani yake jumla ya seti tupu ni sifuri. Waandishi wa SQLite, mojawapo ya programu za hifadhidata, nao wanasema katika maelezo ya programu yao kwamba wanarudisha NULL kwa sababu kiwango kinadai hivyo, kisha wakaongeza fanksheni yao wenyewe iitwayo total, ambayo hurudisha 0.0 pasipokuwa na kitu. Na PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, katika mwongozo wake, inamwonya msomaji mapema kwamba jumla ya mistari isiyokuwapo ni NULL na siyo sifuri kama ambavyo angetarajia. Mwongozo unapolazimika kumwambia msomaji kuwa matarajio yake ya kawaida yatavunjwa, ni dalili kwamba kuna jambo halikukaa sawa.

Hata hivyo, ningekuwa mtu asiye wa haki kama nisingeutaja upande wa pili, na mfano wake mzuri hautoki katika SQL. Maktaba ya pandas, inayotumiwa sana na wachambuzi wa data katika lugha ya Python, ilikuwa na tatizo la aibu: jumla ya safu tupu, au iliyojaa thamani zinazokosekana, ilitegemea kama kompyuta ina maktaba nyingine iitwayo bottleneck au haina. Mwezi Oktoba 2017, katika toleo la 0.21, waandaaji waliamua jibu liwe NaN siku zote, yaani kitu kinachofanana na NULL. Malalamiko yalikuja, na mwezi Desemba mwaka huohuo wakatoa toleo la 0.22, lililobadilisha jambo hili: jumla ikarudi kuwa 0, na mtumiaji akapewa chaguo liitwalo min_count ambalo kwalo anasema ni thamani ngapi zinatakiwa ziwepo ndipo jumla ihesabiwe kuwa jumla. Napenda sana suluhisho hilo la min_count, kwa sababu halilazimishi mtu kuchagua kati ya sifuri na kisichojulikana mara moja kwa maisha yake yote. Linamtaka aseme, kwa swali hili mahususi, ushahidi wa kutosha ni kiasi gani.

Labda niseme kidogo mambo haya yalikotoka. E. F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha mfumo wake wa uhusiano wa data mwaka 1970. Lugha iliyokuja kuwa SQL iliandikwa na wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, ambao waliitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL. Codd alieleza kwa kina matumizi ya NULL na mantiki ya thamani tatu, yaani kweli, si kweli na haijulikani, katika andiko la mwaka 1979. Na alipotoa kanuni zake mashuhuri mwaka 1985, ya tatu ilidai kwamba hifadhidata iwe na njia moja yenye utaratibu ya kuwakilisha habari inayokosekana. Mwaka 1990 alikwenda mbali zaidi akapendekeza alama mbili: moja ya kitu kinachofaa kuwepo lakini hakijulikani, na nyingine ya kitu kisichohusika kabisa. Pendekezo hilo la alama mbili halikuingia katika SQL, na tumebaki na NULL moja inayobeba mizigo yote, pamoja na mzigo wa tatu ambao fanksheni za mkusanyo ziliuongeza, yaani hapakuwa na mstari wowote.

Mwenyekiti, sasa naomba nikae zaidi kidogo kwenye AVG, kwa kuwa naiona kuwa ya hatari kuliko SUM. SUM ikirudisha NULL, angalau msomaji ataona nafasi wazi katika ripoti na huenda akauliza. AVG inarudisha namba safi, yenye kuaminika. Kwa Machi, AVG(wagonjwa) ni 20, yaani 60 kugawanya kwa 3, kwa sababu zahanati ya nne imeondolewa juu ya mstari wa kugawanya na chini yake pia. Mtu mwingine ataandika AVG(COALESCE(wagonjwa, 0)), yaani ataweka 0 mahali pa NULL, akipata 15, kwa kuwa sasa zahanati ya nne imehesabiwa kana kwamba ilitangaza kutokuwa na mgonjwa. Wa tatu atachukua jumla na kuigawa kwa idadi ya zahanati za wilaya, apate 12. Namba zote tatu ni sahihi kihesabu. Ya kwanza ni wastani wa zahanati zilizojibu. Ya tatu inachukulia kwamba aliyenyamaza hana mgonjwa. Na ya pili, niseme ukweli, sioni swali lolote la maana linalojibiwa nayo, kwa kuwa inamhesabia sifuri aliyetuma fomu yenye nafasi wazi na kumsahau ambaye hakutuma kabisa. Lakini hiyo ya pili ndiyo ninayoiona mara kwa mara katika maulizo ya watu, kwa sababu wamefundishwa kwamba NULL ni adui na COALESCE ni dawa yake.

Nieleze basi jambo la COALESCE, ambayo iliingia katika kiwango mwaka 1992 na kazi yake ni kurudisha thamani ya kwanza isiyo NULL kati ya zile ilizopewa. Mahali inapowekwa ndipo panapoamua maana. Ukiandika COALESCE(SUM(wagonjwa), 0), umeiweka nje: umesubiri jumla ikamilike, na kama hakuna kilichopatikana, unasema ni sifuri. Ukiandika SUM(COALESCE(wagonjwa, 0)), umeiweka ndani, na kwa mwezi wa Aprili, ambao hauna mstari hata mmoja, haitakusaidia chochote. Fanksheni ya ndani huendeshwa mara moja kwa kila mstari, na pasipo mstari haiendeshwi kabisa, hivyo jibu linabaki NULL. Nimekutana na watu waliokaa muda mrefu wakishangaa kwa nini sifuri yao haitoki. Kwa SUM, basi, kama kweli unataka sifuri, iweke nje. Kwa AVG, kuiweka ndani kunabadilisha kigawanyo, na kuiweka nje kunadai kwamba wastani wa kitu kisichojulikana ni sifuri, jambo ambalo kwa wagonjwa wa malaria ni uongo. AVG iachwe na NULL yake.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo katika kujumlisha safu mbili. Tuseme fomu inatenganisha watoto wa chini ya miaka mitano na watu wengine. Mstari wa kwanza una watoto 10 na wengine 30. Wa pili una watoto 5 na nafasi ya wengine iko wazi. Wa tatu nafasi ya watoto iko wazi na wengine ni 8. SUM(watoto) ukiongeza SUM(wengine) inatoa 15 na 38, yaani 53. SUM(watoto + wengine) inatoa 40 tu, kwa sababu 5 ukiongeza NULL ni NULL, na mstari mzima unatupwa pamoja na wale watoto watano waliokuwa wameandikwa vizuri. Wagonjwa kumi na watatu wamepotea kwa kuhamisha mabano. Alama ya kujumlisha huambukizwa na NULL, ilhali SUM huiruka. Ni sheria mbili zinazopingana ndani ya lugha moja, na hakuna njia ya kuzikumbuka isipokuwa kuzijua.

Wengine mtauliza kama hifadhidata haipaswi kutoa onyo. Kiwango kina onyo la aina hiyo, lenye namba 01003, linalosema kwamba thamani ya NULL imeondolewa katika hesabu. SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, hulitoa, na matokeo yake ni kwamba waandaaji wengi wamezoea kulipuuza, au hulizima kabisa kwa sababu linachafua kumbukumbu za programu. Sioni kama tutapata msaada kutoka huko.

Hadi sasa nimezungumzia ulizo lisilo na GROUP BY, yaani amri ya kupanga mistari katika makundi, ulizo ambalo siku zote hurudisha mstari mmoja hata kama jedwali ni tupu. Ukiongeza GROUP BY, sheria inageuka: hifadhidata inatengeneza kundi kwa kila thamani iliyoikuta, na pasipokuwa na mistari hapana makundi, hivyo jibu ni mistari sifuri. Ulizo la Machi likipangwa kwa zahanati litarudisha mistari minne. Zahanati ya tano haitaonekana na sifuri wala na NULL, haitaonekana kabisa. Ripoti ya namna hii ndiyo inayowaficha wasiotuma, kwa kuwa msomaji wa ripoti huangalia yaliyoandikwa na hawezi kukumbuka majina yote yaliyopaswa kuwepo. Kwa upande mwingine, kama safu unayoipangia makundi yenyewe ina NULL, mistari yote ya NULL itawekwa katika kundi moja, ingawa SQL ileile inakataa kusema kwamba NULL moja ni sawa na nyingine.

Dawa ya zahanati inayopotea ni kuanza na jedwali la zahanati zote, kisha kuliunganisha na taarifa kwa LEFT JOIN, ili kila zahanati iwe na mstari wake. Na hapa ndipo wengi wanapoanguka hatua moja kabla ya kufika. LEFT JOIN ikikosa taarifa ya zahanati ya tano inatengeneza mstari mmoja ambao sehemu yote ya taarifa ni NULL, na COUNT(*), isiyojali kilichomo, inauhesabu mstari huo na kujibu 1. Kwa hiyo zahanati ambayo haikutuma fomu inaonekana imetuma fomu moja. Lazima uhesabu safu ya jedwali la kulia, tena ile ambayo haiwezi kuwa NULL kwa asili yake, kama vile namba ya utambulisho wa taarifa. Jambo jingine la LEFT JOIN: sharti la mwezi likiwekwa katika WHERE, inayochuja baada ya kuunganisha, badala ya kuwekwa katika ON, inayoeleza namna ya kuunganisha, mstari ule wa NULL utachujwa, na zahanati ya tano itapotea tena.

Wala msidhani kwamba haya ni makosa ya wanaoanza. Mwaka 1982 Won Kim alichapisha mbinu ya kuharakisha maulizo yaliyo ndani ya maulizo mengine, kwa kuyageuza kuwa muunganisho wa majedwali. Ilikuwa mbinu nzuri, na ilikuwa na kosa. Mfano uliokuja kutumiwa kulionyesha unahusu vipuri na mizigo: tafuta kipuri ambacho idadi yake ghalani ni sawa na idadi ya mizigo iliyoletwa kabla ya tarehe fulani. Kipuri ambacho ghalani ni 0 na hakikuletwa kamwe kinapaswa kuwemo, kwa sababu ulizo la ndani lenye COUNT linajibu 0, na 0 ni sawa na 0. Lakini mbinu ya Kim ilikuwa inatengeneza kwanza jedwali la muda lililopangwa kwa GROUP BY, na kipuri kisichokuwa na mzigo hakina kundi, hivyo kilitoweka. Werner Kiessling alilionyesha kosa hilo mwaka 1984, na mwaka 1987 Richard Ganski na Harry Wong wakaonyesha namna ya kulirekebisha kwa muunganisho unaohifadhi mistari isiyo na mwenzake. Mpaka leo wanaotengeneza injini za hifadhidata huliita kosa la COUNT, na anayeandika kigeuza maulizo kipya anapaswa kulipima hilo. Kumbukeni kwamba tofauti yote ilikuwa kati ya kundi tupu lenye jibu na kundi ambalo halikuzaliwa.

Kuna binamu yake ambaye hajulikani sana. Watu hudhani kwamba kusema thamani iwe kubwa kuliko zote, kwa neno ALL, ni sawa na kusema iwe kubwa kuliko MAX. Zikiwepo namba zisizo na NULL, ni sawa. Ulizo la ndani likiwa tupu, kubwa kuliko ALL ni kweli, kwa kuwa hakuna wa kupinga. Kubwa kuliko MAX ni kubwa kuliko NULL, jambo lisilojulikana, na WHERE hukataa lisilojulikana. Ulizo moja linarudisha kila mtu, la pili halirudishi mtu. Ikiwa ndani mna NULL pamoja na namba, mambo yanageuka: MAX inairuka NULL na kujibu, ALL inakwama pale ambapo namba nyingine zote zimeshindwa. Mwandishi anayebadilisha moja kwa nyingine kwa ajili ya kasi anapaswa kulijua hilo.

Tabia hiyo ya lisilojulikana kukataliwa inaleta madhara makubwa zaidi katika HAVING, sharti linalochuja makundi. Tuseme ofisa anataka orodha ya zahanati zenye jumla chini ya 10 kwa robo mwaka, ili achunguze kama zinapima watu ipasavyo, naye anaandika HAVING SUM(wagonjwa) < 10. Zahanati iliyoacha nafasi wazi miezi yote mitatu ina jumla ya NULL; NULL kuwa chini ya 10 haijulikani; kundi linaondolewa. Zahanati inayostahili kuchunguzwa kuliko zote ndiyo pekee isiyoingia katika orodha ya uchunguzi. Hapa COALESCE ya nje ina haki kamili ya kutumika.

Nje ya hifadhidata, NULL hiyo inakutana na lugha ya programu, na kila lugha ina desturi yake. Katika Java, getInt ya JDBC, njia ya Java ya kusoma hifadhidata, hugeuza NULL kuwa 0 bila kusema kitu, na mtu asipouliza wasNull hatajua. Katika Go, kuisoma NULL ndani ya namba ya kawaida huleta hitilafu. Python hupokea None, ambayo inaanguka mara tu ukijaribu kuiongeza kwa namba. Django, mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti, iliruhusu tangu toleo la 4.0 kutaja thamani mbadala kwa SUM na wenzake, lakini inakataa kuitaja kwa COUNT, kwa kuwa COUNT haihitaji. Kati ya hizo zote naiogopa zaidi njia ya Java, na naipendelea inayoanguka mapema.

Fanksheni nyingine nitazipitia haraka. Katika PostgreSQL, array_agg, inayokusanya thamani kuwa orodha, huzihifadhi NULL zilizomo lakini hujibu NULL pasipo mstari, na siyo orodha tupu, wakati string_agg, inayounganisha maandishi, inaziruka. MySQL inashangaza kwa BIT_AND, inayounganisha namba biti kwa biti, ambayo pasipo mstari hujibu namba yenye biti zote 1. Hiyo ndiyo tabia ambayo mwanahisabati angeitaka, na inasikitisha kwamba SUM haikupewa hiyo hiyo. Oracle huhesabu maandishi matupu kuwa NULL, kwa hiyo COUNT ya safu ya maandishi inaweza kutoa jibu dogo kuliko mlilozoea kwingine.

Nirudi kwenye ofisi zetu. Wenzetu wanaotumia DHIS2, mfumo uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na unaotumika Tanzania na Kenya kukusanya taarifa za afya, wanajua kwamba kila kipengele cha data kina mpangilio unaoamua kama sifuri ihifadhiwe au isihifadhiwe. Isipohifadhiwa, zahanati iliyoandika 0 na iliyonyamaza zinakuwa kitu kimoja kabla SUM haijafika, na hakuna ulizo litakalozitenganisha baadaye. Ndiyo maana nasema uamuzi huu uanzie kwenye fomu: nafasi wazi isimaanishe sifuri, na karani aelezwe hivyo kwa maneno. Kisha katika jedwali, safu ambayo lazima ijazwe iwekewe NOT NULL, na ambayo yaweza kukosekana iachwe ikose, bila kujazwa 0 ya kujificha. Na katika ripoti, naomba jumla isitoke peke yake. Kando ya SUM iwekwe idadi ya zahanati zinazotakiwa kutuma, idadi ya fomu zilizofika, na idadi ya fomu zenye thamani. Kwa Machi ripoti yetu ingesomeka hivi: wagonjwa 60, kutoka zahanati 3, kati ya fomu 4 zilizofika, kati ya zahanati 5. Kwa Aprili ingesomeka 0 kati ya 0 kati ya 5, na kwa Mei 0 kati ya 5 kati ya 5, na hapo hata kama nafasi ya jumla itaandikwa 0, kistari au NULL, msomaji hawezi tena kuichanganya miezi hiyo miwili.

Mwenyekiti, nashukuru kwa muda mlionipa. Nipo tayari kupokea maswali, hasa kutoka kwa wale ambao hawakubaliani nami kuhusu SUM.